Kudidimia kwa Sakafu ya Bahari na Kugeuka kwa Madini Yake Katika Kina cha Dunia

Siku ya Jumapili, tarehe 26 Desemba, 2004, maji katika ufuko wa Dar es Salaam yalikupwa na kujaa kwa namna isiyofuata desturi ya bamvua wala ya maji mafu. Waogeleaji walichukuliwa na mkondo, na katika Tanzania nzima watu wapatao kumi waliripotiwa kufa. Chanzo cha msiba huo kilikuwa mbali sana. Zaidi ya kilomita 6,000 upande wa mashariki, karibu na kisiwa cha Sumatra, ardhi ya chini ya bahari ilikuwa imetetemeka kwa kipimo cha 9.1, wakati ambapo Afrika Mashariki ilikuwa bado haijapambazukiwa. Mawimbi yaliyozaliwa huko yaliua watu zaidi ya 220,000 katika nchi zinazoizunguka Bahari ya Hindi, nayo yakavuka bahari yote na kufika pwani ya Waswahili siku hiyo hiyo.

Maelezo yaliyotolewa baada ya msiba yalikuwa ya kweli, lakini mafupi. Ilisemwa kwamba sakafu ya bahari hupita chini ya Sumatra, na kwamba sehemu mbili zilizokuwa zimekwamana kwa muda mrefu ziliachana ghafula. Maelezo hayo huacha maswali mawili. La kwanza, sakafu hiyo huvutwa chini na nini? La pili, ikiisha kuingia ndani ya dunia huwa nini? Ajabu ni kwamba maswali haya mawili yana jibu moja. Madini ya sakafu hiyo, kwa sababu ya mgandamizo na joto, hugeuka yakawa madini mengine; kugeuka huko huyafanya yawe mazito kuliko mawe yanayoyazunguka; na uzito huo ndio unaoivuta sakafu iliyobaki nyuma. Basi mabadiliko ya punje ambazo hakuna jicho liwezalo kuzifikia ni sehemu kubwa ya nguvu iliyoleta maafa hata katika fukwe za Dar es Salaam.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza mabadiliko hayo kwa utaratibu, toka karibu na uso wa dunia mpaka mwisho wa kina chake. Na kwa kuwa maelezo ya jambo lisiloonekana hutegemea sana maneno yanayochaguliwa, yatatazamwa pia maneno ya Kiswahili yanayolifaa jambo hili na yale yanayolipotosha.

TABAKA LA KATI SI UJI WA MOTO

Ganda la dunia chini ya bahari lina unene wa kilomita 7 hivi, na chini ya mabara kilomita 40 hivi kwa wastani. Chini ya ganda hilo liko tabaka nene la mawe lifikalo kina cha kilomita 2,890. Baadhi ya waandishi huliita koti la dunia. Hapa litaitwa tabaka la kati. Chini yake kuna kiini, ambacho kwa sehemu kubwa ni chuma, na ambacho upande wake wa nje umeyeyuka.

Kosa lililoenea sana ni kudhani kwamba tabaka la kati ni uji wa mawe yaliyoyeyuka, na kwamba volkano ni mahali ambapo uji huo huchuruzika. Sivyo. Tabaka la kati ni gumu karibu lote. Ushahidi wake hutolewa na matetemeko yenyewe, maana namna moja ya mawimbi ya tetemeko, ile inayotikisa mawe kwenda upande na kurudi, haiwezi kupita katika kitu kilicho majimaji. Nayo hupita katika tabaka la kati bila shida, ikakomea kwenye kiini cha nje.

Hata hivyo ugumu huo si wa kutosogea kabisa. Mfano ulio karibu ni lami. Bonge la lami likipigwa nyundo hupasuka kama jiwe; lakini pipa la lami likilazwa ubavu juani mdomo wazi, baada ya siku kadhaa lami itakuwa imeshuka na kutandaa chini. Kitu kimoja ni kigumu kwa pigo la ghafula na laini kwa mzigo wa muda mrefu. Mawe ya tabaka la kati yako hivyo hivyo, isipokuwa muda wake hauhesabiwi kwa siku bali kwa malaki ya miaka.

Kwa sababu hiyo kitenzi cha kuzama, ingawa ndicho kijacho kwanza mdomoni, kina upungufu. Kuzama ni neno la majini: jahazi huzama, nanga huzama, na hata jua husemwa kuzama kana kwamba laingia baharini. Asikiaye kwamba sakafu ya bahari inazama ndani ya dunia huona mara moja moyoni mwake maji au uji. Kudidimia ni neno lililo karibu zaidi na ukweli. Gurudumu la mkokoteni uliopakiwa magunia hudidimia katika mchanga wa Kariakoo mvua inapokwisha. Halikuzama, maana mchanga si maji, bali limeingia polepole katika kitu kinachobeba na papo hapo kinakubali mzigo. Ndivyo bamba la sakafu ya bahari liingiavyo katika tabaka la kati, kwa mwendo wa sentimita chache kila mwaka, ambao haupiti sana mwendo wa kukua kwa kucha za mtu.

MPANGO WA ATOMU NA MAFUNGU YA MACHUNGWA

Ili kufahamu madini yanavyogeuka yafaa kwanza kufahamu madini ni nini. Aina moja ya madini haitambulikani kwa vitu vilivyomo peke yake, bali pia kwa jinsi vitu hivyo vilivyopangwa. Penseli inayouzwa rejareja katika Mtaa wa Kongo, na almasi inayofungiwa kabatini na sonara wa katikati ya jiji, zote mbili zina kaboni. Katika penseli kaboni imepangwa kwa karatasi nyembamba zinazoteleza, ndiyo grafaiti. Katika almasi kila atomu imeshikamana kwa nguvu na wenzake wanne. Aliyezitenganisha katika bei na ugumu ni mpango, wala si kitu chenyewe.

Madini mengi ya ganda na ya tabaka la kati yana atomu za silikoni na oksijeni. Atomu ya oksijeni ni kubwa, na ya silikoni ni ndogo. Katika mawe yaliyo karibu na uso wa dunia kila silikoni hukaa katikati ya oksijeni nne. Umbo lake linaonekana kila siku katika soko la Kariakoo, pale muuzaji wa machungwa anapopanga fungu la manne, matatu chini na moja juu. Katikati ya fungu hilo hubaki nafasi ndogo isiyoonekana, na mtu aweza kutia humo punje ya kunde. Machungwa ni oksijeni, na kunde ni silikoni.

Sasa muuzaji yule ana meza iliyojaa mafungu, na kati ya fungu na fungu kuna nafasi tupu. Akitakiwa kuondoka na bidhaa zake zote katika tenga moja, hawezi kuzipakia kwa mafungu. Huyavunja, akayapanga machungwa upya, kila moja likikaa katika pengo lililoachwa na wenziwe, mpaka mengi yaingie mahali padogo. Machungwa hayakuongezeka wala hayakupungua, lakini mpango umegeuka na nafasi imepungua. Mgandamizo wa kina cha dunia hufanya kazi hiyo hiyo. Mafungu ya oksijeni nne huvunjwa, na silikoni hujikuta katikati ya oksijeni sita: nne za kuizunguka, moja juu yake na moja chini yake.

Jambo hili si nadharia tupu. Mchanga mweupe wa pwani kwa sehemu kubwa ni kwazi, yaani silikoni na oksijeni tu. Mwaka 1953 mtaalamu wa Marekani, Loring Coes, aliigandamiza silika maabarani akapata madini mapya, ambayo leo huitwa koesaiti. Mwaka 1961 Sergei Stishov na Svetlana Popova katika nchi ya Urusi ya wakati huo wa Soviet walipata namna nzito zaidi, stishovaiti, ambamo kila silikoni imezungukwa na oksijeni sita. Uzito wake unaweza kupimwa kwa debe la lita 20, ambalo kwa miaka mingi limekuwa kipimo cha nafaka sokoni. Debe lililojaa kwazi gumu lisilo na upenyo lingekuwa na kilo 53. La koesaiti kilo 58. La stishovaiti kilo 86. Vitu vilivyomo ni vile vile.

TOKA BASALTI HADI EKLOJAITI

Sakafu ya bahari ni basalti, mwamba mweusi unaozaliwa pale mabamba yanapoachana katikati ya bahari na lava kupanda kujaza pengo. Debe la basalti lina kilo 60 hivi. Debe la peridotaiti, ambao ndio mwamba wa sehemu ya juu ya tabaka la kati, lina kilo 66. Kwa hesabu hiyo basalti ingestahili kubaki juu daima, kama ubao juu ya maji.

Lakini bamba likiisha kusukumwa au kuvutwa mpaka kina cha kilomita 50 au 60, ambako mgandamizo ni karibu mara 20,000 ya ule wa hewa, madini ya basalti hayawezi kudumu katika mpango wake wa zamani. Yanavunjika, na atomu zake zinajipanga kuwa madini mawili makubwa: garneti, ambayo ni nyekundu, na omfasaiti, ambayo ni kijani. Mwamba unaotokea huitwa eklojaiti, na debe lake moja lina kilo 70. Hapo mizani imepinduka. Kilichokuwa chepesi kuliko kilicho chini yake sasa ni kizito, na kinadidimia kwa uzito wake chenyewe, kikiivuta nyuma yake sakafu ambayo bado iko juu. Wataalamu wengi wanaona kwamba mvuto huu wa bamba baridi na zito ndio nguvu kubwa kuliko zote zinazoendesha mabamba ya dunia. Tofauti ya kilo nne katika debe, ikikusanywa katika bamba lenye urefu wa maelfu ya kilomita, ndiyo iliyofanya kazi chini ya Sumatra.

Yapasa kusisitiza kwamba katika mabadiliko hayo jiwe halikuyeyuka. Lilikuwa gumu kabla, likawa gumu baadaye, na katikati ya safari lilikuwa gumu. Atomu zilihama ndani ya mwamba mgumu, polepole. Kitenzi cha kuyeyuka hakina nafasi hapa. Kitenzi kinachofaa ni kugeuka.

Kuyeyuka kuna mahali pake, nako huletwa na maji. Sakafu iliyokaa baharini kwa mamilioni ya miaka imejaa madini yenye maji ndani ya mpango wake. Inapodidimia, mgandamizo na joto huyakamua maji hayo, na mengi yake hutoka kabla ya bamba kupita sana kina cha kilomita 100. Maji hayo hupanda katika mawe ya moto yaliyo juu ya bamba, na mawe yaliyotiwa maji huyeyuka kwa joto dogo kuliko mawe makavu. Ndiyo asili ya volkano za Sumatra, Java na Japani. Kilimanjaro, Meru na Oldonyo Lengai hazimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa Afrika Mashariki ya leo haina mahali ambapo sakafu ya bahari inadidimia. Volkano zake zimetokana na bara linalopasuka katika Bonde la Ufa na joto linalopanda toka chini.

MPAKA WA KILOMITA 660

Bamba linaendelea kushuka. Katika kina cha kilomita 300 hivi silika iliyobaki ndani ya eklojaiti huwa stishovaiti. Toka hapo omfasaiti huanza kuingia ndani ya garneti kidogo kidogo, mpaka baada ya kilomita 500 karibu mwamba wote umekuwa namna moja ya garneti, ambayo huitwa majoraiti. Wakati huo huo mawe yanayolizunguka bamba yana mageuko yake. Olivini, ambayo ndiyo madini yaliyo mengi zaidi katika sehemu ya juu ya tabaka la kati, hugeuka kuwa wadslaiti katika kina cha kilomita 410, na baadaye kuwa ringwudaiti.

Penye kilomita 660 pana mpaka. Ringwudaiti huvunjika ikawa madini mawili. La kwanza ni brijmanaiti, lililopewa jina hilo mwaka 2014 kwa heshima ya Percy Bridgman, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1946 kwa kazi yake ya migandamizo mikubwa. Nalo ndilo madini yaliyo mengi kuliko yote duniani, ingawa hakuna awezaye kuliokota njiani. La pili ni oksidi ya magnesi na chuma. Baada ya mpaka huu, karibu silikoni yote ina oksijeni sita.

Hapa garneti ya ganda lililodidimia huchelewa. Mawe ya jirani yamekwisha kuwa mazito penye kilomita 660, lakini garneti haigeuki yote mpaka kilomita 700 na zaidi. Kwa hiyo katika mwendo wa kilomita kadhaa ganda lile, ambalo lilikuwa zito safari yote, linakuwa jepesi kuliko majirani zake. Ni kama msafiri aliyekaguliwa mpakani akakutwa karatasi zake hazijakamilika. Picha zinazochorwa kutokana na mawimbi ya matetemeko zinaonyesha kwamba mabamba hayapati hukumu moja. Bamba linaloingia chini ya Japani limelala kwa ulalo karibu na mpaka huo, likitandaa mpaka chini ya China ya kaskazini-mashariki. Bamba la kale lililodidimia chini ya Amerika ya Kaskazini limepita, nalo huonekana ndani kabisa ya sehemu ya chini ya tabaka la kati.

Lile lipitalo huwa zito tena. Garneti yake hugeuka kuwa brijmanaiti na madini mengine, mojawapo likiwa na kalsi nyingi, pamoja na stishovaiti iliyokuja nayo. Mwendo wake hupungua ukawa sentimita moja au zaidi kidogo kwa mwaka, na safari ya kufika kwenye kiini huchukua kiasi cha miaka milioni 200. Matetemeko humsindikiza msafiri huyo mpaka kilomita 700 tu. Zaidi ya hapo husafiri kimya.

Mwisho wa safari bado una mabishano. Juu ya kiini kuna sehemu mbili kubwa mno ambamo mawimbi ya matetemeko hupunguza mwendo, moja chini ya Bahari ya Pasifiki na moja chini ya Afrika. Wako wataalamu wanaosema kwamba sehemu hizo, au baadhi yake, ni malundo ya ganda la bahari za kale lililokusanyika kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Wengine wanaona ni joto tu, au ni masalio ya dunia ilipoumbika. Jambo hili si la mbali kwa msomaji wa Afrika Mashariki, maana joto lipandalo toka katika sehemu hiyo ya chini ya Afrika husemwa na wengi kuwa na mkono katika kuinuka kwa nyanda za juu na kupasuka kwa Bonde la Ufa.

MASHAHIDI WA KINA

Shimo refu kuliko yote lililochimbwa na binadamu, lile la rasi ya Kola katika Urusi, lilikomea zaidi kidogo ya kilomita 12. Basi yaliyotangulia yamejulikanaje? Shahidi wa kwanza ni mawimbi ya matetemeko, ambayo hubadili mwendo kila yanapoingia katika madini mengine. Shahidi wa pili ni maabara. Mwaka 1958 wataalamu wa Ofisi ya Taifa ya Vipimo ya Marekani walitengeneza chombo kidogo ambamo ncha za almasi mbili hukutanishwa na kugandamiza punje iliyowekwa kati yake. Kwa kuwa almasi huangaza, punje hiyo huweza kutazamwa ikigeuka. Na kwa vyombo vilivyofuata mgandamizo wa katikati ya dunia umekwisha kufikiwa.

Shahidi wa tatu ni almasi ya ardhini, na hapa Tanzania ina neno la kusema. Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada, aligundua mwamba wa almasi wa Mwadui katika Shinyanga, ambao eneo lake la hekta 146 huufanya kuwa miongoni mwa miamba mikubwa ya namna hiyo duniani. Mwaka 1947 ilipatikana humo almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, akapewa zawadi binti mfalme Elizabeth wa Uingereza. Sonara huitazama almasi kwa usafi wake, na kila doa ndani yake hupunguza bei. Mwanajiolojia hutafuta doa. Almasi huumbwa kwa kawaida katika kina cha zaidi ya kilomita 150, na punje iliyonaswa ndani yake hubaki katika hifadhi isiyoingiwa na kitu. Ndani ya almasi za Mwadui kumekutwa vipande vya garneti na vya olivini vilivyoletwa juu namna hiyo.

Mahali pengine mashahidi wametoka mbali zaidi. Mwaka 2014 kundi la watafiti pamoja na Graham Pearson lilitangaza punje ya ringwudaiti ndani ya almasi ya Juína, Brazili, yenye maji ya karibu asilimia 1.5 ya uzito wake. Punje hiyo ilithibitisha kwamba si maji yote ya mabamba yanayokamuliwa juu. Mengine hufika mpaka karibu na kilomita 660. Mwaka 2018 katika almasi ya machimbo ya Cullinan, Afrika Kusini, yalipatikana yale madini ya kalsi ambayo kabla yake yalijulikana kwa majaribio ya maabara. Na katika almasi nyingi zilizoumbwa ndani ya eklojaiti, kaboni ina alama inayofanana na ya kaboni iliyopita katika viumbe hai, jambo linalowafanya wengi waamini kwamba ilishuka na sakafu ya bahari.

JIWE LA USAGARA

Njia ya kwenda kina si ya upande mmoja. Mabara yanapogongana, vipande vya ganda lililodidimia huweza kusukumwa juu kabla ya kufika mbali. Katika mkanda wa miamba ya Usagara, Tanzania ya kati, penye kilima cha Yalumba, kuna eklojaiti ya namna hiyo. Mwaka 1995 Andreas Möller na wenzake walieleza kwamba umri wake ni kiasi cha miaka milioni 2,000, na kwamba asili yake inafanana na basalti ya sakafu ya bahari. Garneti na madini wenzake yanaonyesha kwamba jiwe hilo liliwahi kufika kina cha kilomita 60 hivi, katika joto la nyuzi 750 za sentigredi, kisha likaibuka.

Uzito wa habari hiyo ni huu. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu ni lini dunia ilianza mwendo wake wa sasa wa mabamba. Hapo kale ilikuwa na joto kubwa zaidi, na wengine waliona kwamba mabamba yake yalikuwa laini mno kuweza kudidimia yakiwa mazima na baridi. Jiwe la Usagara linashuhudia kwamba miaka milioni 2,000 iliyopita bahari moja, ambayo haina jina wala ramani, ilikuwa ikidididimia kwa namna inayofanana na ya leo. Mwaka 2018 eklojaiti yenye umri mkubwa zaidi kidogo, wa miaka milioni 2,090 hivi, ilielezwa kutoka Kasai katika Kongo. Hivyo Afrika, ambayo leo haina mahali pengi pa kudidimia, imehifadhi baadhi ya ushahidi wa kale kabisa wa jambo hilo.

MANENO YANAYOFAA

Katika maelezo yaliyotangulia majina mengi ya madini yamechukuliwa kutoka lugha za kigeni na kutiwa sauti za Kiswahili. Hakuna aibu katika jambo hilo. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na kambi ya kikosi cha wachukuzi wa Kiafrika cha Waingereza, Carrier Corps, katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Vinywa vya watu vikalipanga upya kwa silabi zilizo wazi, na leo hakuna ahisiye ugeni wake. Brijmanaiti na ringwudaiti zaweza kuachwa zifuate njia hiyo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, ni ushahidi kwamba elimu ya namna hii haina haja ya kungoja lugha nyingine.

Shida haimo katika majina, imo katika vitenzi. Maana jina geni humwonya msomaji kwamba hajui, lakini kitenzi kilichozoeleka kikitumiwa mahali pasipo pake humpa picha ya uongo naye asitambue. Kwa hiyo yafaa vitenzi vitano vitengwe kwa uangalifu. Kudidimia ni kushuka kwa bamba gumu ndani ya mawe magumu. Kugeuka ni kupata mpango mpya wa atomu bila ya kuyeyuka, kama basalti iwavyo eklojaiti. Kuvunjika ni madini moja kuwa mawili, kama ringwudaiti penye kilomita 660. Kuyeyuka ni kuwa majimaji, nako ni kwa mahali pachache, hasa palipoingiwa na maji. Kuibuka ni kurudi juu, kama eklojaiti ya Yalumba na almasi za Mwadui.

Kutenga maneno haya si kazi ya kupendezesha vitabu tu. Tangu msiba wa 2004 nchi za Bahari ya Hindi zimejiwekea mfumo wa kupeana tahadhari, na Tanzania imo. Tahadhari ifikayo Dar es Salaam hupaswa kusomwa na kusadikiwa na mvuvi wa Feri, na mchuuzi wa Kariakoo aliyewapeleka watoto wake ufukweni siku ya mapumziko. Mtu aliyeelezwa kwamba bahari hukupwa ghafula kwa sababu sakafu iliyo mbali, nzito kuliko mawe yaliyo chini yake, imesogea baada ya kukwama, ana sababu ya kukimbilia mahali pa juu kabla ya maji kurudi. Aliyeambiwa tu kwamba kuna kitu kimezama mahali fulani huenda akasimama kutazama.